Maziwa ya soya na sumu ya ukungu: tupime nini, na tupime wapi

Kikundi kimoja cha akina mama katika kanisa la mahali, upande wa Kivu Kusini, hupika maziwa ya soya mara mbili kwa juma kwa ajili ya watoto waliodhoofika. Kila mmoja huchangia soya kidogo, na wengine huleta karanga ili maziwa yawe mazito na watoto wayapende. Siku moja mgeni aliwaletea vipimo vya haraka vya sumu ya ukungu, vile vyenye kijiti kama kile cha kupimia malaria. Juu ya boksi iliandikwa kwa Kifaransa kwamba ni vya maziwa. Wakachovya kijiti katika maziwa yaliyokwisha kupoa, mistari miwili ikatokea, wakaambiwa: "Wamama, maziwa yenu ni safi." Watu wakapiga makofi.

Baadaye ndipo ilipofahamika kwamba kipimo kile kilitengenezwa kwa ajili ya maziwa ya ng'ombe. Sumu kiliyoitafuta hutoka katika mwili wa mnyama, wala si ile inayokaa katika soya au karanga. Hakuna aliyedanganya. Lakini kama vile kipimo cha malaria hakiwezi kukuonyesha tifoidi, vivyo hivyo kijiti kile hakikuwa na neno la kusema juu ya chungu cha wale mama.

Kwa kuwa maziwa ya soya yanapikwa sasa katika makanisa mengi ya mashariki, katika vituo vya lishe na hata nyumbani kwa wale wasiopata maziwa ya ng'ombe, tumeona vema kueleza jambo hili kwa urefu.

Sumu yenyewe

Ukungu tunaouona juu ya mahindi yaliyolowa au karanga zilizokaa vibaya ni kuvu. Kuvu zenyewe ni za aina nyingi, na nyingi hazina neno. Zile zinazotutia wasiwasi zaidi zinaitwa Aspergillus flavus na ndugu yake Aspergillus parasiticus, ambazo mara nyingi huonekana na rangi ya kijani yenye umanjano. Hupenda joto na unyevu. Zinaweza kuingia katika karanga au mahindi yakiwa bado shambani, hasa jua likikausha mimea kabla ya kukomaa au wadudu wakitoboa maganda, kisha zikaendelea ghalani.

Zikiwa humo hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Jina hilo lilitoka Uingereza. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa huko kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua, hata wakauita tu ugonjwa X. Wachunguzi waligundua kwamba ndege hao walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga kutoka Brazili, na kuvu ilikuwa ndani yake. Herufi ya kwanza ya Aspergillus na tatu za kwanza za flavus zikaunganishwa na neno toksini. Jirani zetu wa Tanzania wana neno la Kiswahili, sumukuvu, linalojumlisha sumu zote zinazotokana na ukungu. Ni neno zuri, nasi tutalitumia.

Aflatoksini zina herufi, na herufi hizo ndizo zilizowakwaza wale mama. B1 na B2 huitwa hivyo kwa sababu hung'aa rangi ya buluu chini ya taa ya miale ya zambarau. G1 na G2 hung'aa kijani. Iliyo kali kuliko zote ni B1. Ng'ombe, mbuzi au mama anayenyonyesha akila chakula chenye B1, ini lake huigeuza kuwa M1, na M1 hiyo hutoka katika maziwa. Herufi M ni ya maziwa, maana yake maziwa ya mnyama au ya mama. Maziwa ya soya hayajapita katika ini lolote. Ni maji na soya. Kwa hiyo kama soya au karanga ilikuwa na B1, mtoto anakunywa B1 yenyewe. Anayetafuta M1 katika maziwa ya soya anabisha mlango usio wake.

Inafanya nini mwilini

Mtu akila nyingi kwa mara moja, ini huharibika upesi. Macho yanakuwa manjano, tumbo linavimba, na wengi hufa. Kenya iliona jambo hilo mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui: watu 317 waliugua na 125 wakafa, baada ya kula mahindi yao wenyewe yaliyohifadhiwa na unyevu. Hayakununuliwa kwa mtu mwovu. Yalitoka katika ghala zao.

Lakini kwa watu wengi sumu hii huja kidogo kidogo, kila siku, bila dalili. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka aflatoksini katika kundi la kwanza, yaani vitu vinavyojulikana kwa hakika kuleta saratani kwa binadamu, na saratani yenyewe ni ya ini. Kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini ya aina B hatari huongezeka sana, na Shirika la Afya Duniani linasema inaweza kufika mara 30. Ndiyo maana chanjo wanayopewa watoto wachanga katika vituo vya afya, ambayo ndani yake mna kinga ya homa hiyo, ni sehemu ya jambo hili ingawa haigusi ukungu hata kidogo.

Tena kuna kukua kwa mtoto. Mwaka 2002 ulitolewa utafiti wa watoto wa Benin na Togo, wenye umri wa miezi tisa hadi miaka mitano. Karibu wote walikuwa na alama ya aflatoksini katika damu, na wale waliodumaa walikuwa na alama kubwa zaidi ya wenzao. Utafiti huo haukusema kwamba sumu peke yake ndiyo inayodumaza. Hata hivyo kwa kituo kinachowapa watoto dhaifu chakula cha kuwainua, habari hiyo ni nzito, maana watoto hao hao ndio wanaokunywa kikombe hicho juma baada ya juma.

Je, tuiogope soya?

Hapana, na hili tunalisema wazi ili mtu asiache chakula chema kwa hofu. Kati ya mazao yetu, soya haishikwi sana na aflatoksini kama karanga na mahindi. Soya iliyokauka vizuri na kuchaguliwa kwa kawaida ni chakula salama. Katika kikundi tulichokitaja, cha kutiliwa shaka kilikuwa zaidi ile mikono miwili ya karanga iliyoletwa kutoka sokoni, iliyomenywa tayari, nyingine imesinyaa na kubadilika rangi. Karanga za namna hiyo huwa za bei ndogo, na kwa sababu hiyo ndizo zinazoingia katika chakula cha maskini.

Masosoma pia, ule unga wa mahindi, soya na mtama unaopikwa uji wa watoto, una mahindi ndani yake. Mahindi hubeba aflatoksini, tena yanaweza kubeba sumu nyingine iitwayo fumonisini, inayotolewa na kuvu ya ukoo mwingine, Fusarium. Kipimo cha aflatoksini hakiioni fumonisini. Kila moja ina kijiti chake.

Kuhusu maziwa ya mimea yanayouzwa katika paketi kutoka nje, yale ya shayiri au ya lozi, habari ni ileile kwa majina mengine: shayiri ya nchi za baridi husumbuliwa na sumu za Fusarium, lozi husumbuliwa na aflatoksini. Hayo ni machache katika nyumba zetu, tusikae hapo.

Kuchemsha hakutoshi

Mama mmoja aliuliza: "Sisi tunachemsha hadi yanapanda mara tatu, je, hiyo sumu haifi?" Ni swali la haki. Kuchemsha soya ni lazima, kwa maana soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kutumia protini yake, na moto huviondoa. Moto pia huua kuvu yenyewe na vijidudu vingine. Lakini aflatoksini si kitu chenye uhai, haina namna ya kufa. Inavunjika vizuri katika joto lipitalo nyuzi 200, na maji ya kuchemka hayafiki hata nusu ya hapo. Kwetu Bukavu na Goma, kwa sababu ya urefu wa milima, maji huchemka karibu na nyuzi 95. Kukaanga karanga hupunguza sehemu ya sumu, hakuimalizi.

Kwa sababu hiyo kuna jibu moja la maabara linalopotosha watu wengi. Maabara fulani hupima ukungu kwa kuupanda: wanaweka tone la maziwa juu ya sahani yenye chakula cha kuvu, wanaiacha siku tano hivi katika joto la nyuzi 25, kisha wanahesabu madoa yaliyoota. Ukiwapelekea maziwa yaliyochemshwa leo asubuhi, hakuna kitakachoota. Karatasi itaandikwa kwamba hakuna ukungu, na ni kweli. Kuvu ilikufa chunguni, sumu yake ikabaki. Kipimo hicho kinafaa kwa kujua usafi wa vyombo na namna maziwa yalivyotunzwa baada ya kupikwa. Kwa sumu hakifai.

Kwa nini tupime punje badala ya maziwa

Tufanye hesabu ndogo. Kilo moja ya mchanganyiko hutoa takriban litre 8 za maziwa. Tuseme mama ametia gramu 800 za soya safi na gramu 200 za karanga, na karanga hizo zina mikrogramu 50 za B1 kwa kilo, jambo linaloweza kutokea kwa karanga mbaya. Basi chungu kimepokea mikrogramu 10. Zikiingia zote katika maziwa, kila litre ina mikrogramu 1 na robo.

Mikrogramu ni kitu kidogo sana. Punje moja ya chumvi laini ina uzito wa mikrogramu 60 hivi. Lakini Ulaya, kiwango cha juu cha B1 katika vyakula vya nafaka vya watoto wachanga ni 0.1 kwa kilo. Maziwa yetu yamekipita mara 12. Na vipimo vingi vya haraka vya nafaka huanza kuona kuanzia mikrogramu 2 hivi kwa kilo, vingine kuanzia 5 au zaidi. Maana yake, hata mngekuwa na kijiti cha haki, cha B1, mkakichovya katika maziwa, kingeweza kusema safi. Maji yameificha sumu bila kuiondoa. Mkipima karanga zenyewe kabla ya kuzitia, kijiti kilekile kitapiga kelele.

Kuna jambo la pili katika hesabu hiyo. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo iliingia mwaka 2022, mahindi yanaruhusiwa kuwa na B1 hadi mikrogramu 5 kwa kilo, na aflatoksini zote pamoja hadi 10. Ukipika maziwa kwa punje zenye 5 kamili, zinazokubaliwa sokoni, kila litre itapata hadi 0.6. Kiwango cha soko hakikuwekwa kwa ajili ya mtoto wa kilo nane anayekunywa kikombe kila siku. Kwa maoni yetu, kikundi kinacholisha watoto kisiridhike na neno "imeruhusiwa". Kitafute punje ambazo kipimo hakioni kitu ndani yake.

Wengine watasema sehemu ya sumu inabaki katika makapi. Ni kweli, lakini makapi ya soya hatuyatupi, tunayafanya maandazi. Na hapa tuongeze: makapi mabichi yakiachwa katika ndoo siku mbili huota ukungu mpya. Yakaangwe siku ileile au yaanikwe yakauke kabisa.

Namna ya kuchukua sehemu ya kupima

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kuliko hata katika maabara. Sumu haikai sawasawa katika gunia. Haiko kama chumvi ndani ya mchuzi. Iko kama mawe machache ndani ya mchele. Karanga 199 zinaweza kuwa safi na ya 200 ikabeba sumu ya kuharibu kilo nzima na zaidi. Ukichota mkono mmoja juu ya gunia, mara nyingi utakosa ile moja, utapata jibu zuri, na utakuwa umepoteza franga zako.

Basi fungueni kila gunia. Chukueni kidogo juu, katikati na chini, na pembeni pia. Kusanyeni pamoja, kwa karanga angalau kilo tano, kwa soya au mahindi kilo mbili hadi tatu. Sasa linalokuja wengi hawalipendi: sehemu hiyo yote isagwe. Isisagwe kiganja tu. Mashini ikishaisaga, changanyeni unga huo vizuri juu ya bashi safi, ugaweni mara nne, chukueni robo, mchanganye tena na kugawa, hadi mbaki na gramu mia kadhaa za kupeleka. Unga uliobaki haupotei. Mkipata jibu jema mtaupika.

Sehemu inayopelekwa iwe kavu, katika mfuko wa karatasi au chombo kikavu. Mfuko wa plastiki uliofungwa na jasho ndani yake utaotesha ukungu njiani, na barabara zetu zinajulikana.

Kijiti, taa au maabara

Kijiti cha haraka kinafaa kwa kikundi, kama mnajua kukisoma. Kwanza unga huchanganywa na dawa ya kuivuta sumu, mara nyingi methanoli na maji, ukachujwa. Methanoli ni sumu pia na inashika moto: isikae jikoni wala karibu na watoto. Kisha angalieni mistari. Katika kipimo cha malaria tumezoea kwamba mstari wa pili unamaanisha ugonjwa upo. Katika vijiti vingi vya aflatoksini ni kinyume: mistari miwili maana yake sumu haikuonekana, na mstari wa pili ukififia au ukikosekana, sumu ipo. Muuguzi mzuri kabisa anaweza kukosea hapo kwa mazoea yake. Someni karatasi iliyo ndani ya boksi, na mwulizeni muuzaji mambo mawili: kinatafuta B1 au M1, na kilihakikishwa kwa chakula gani. Kijiti kilichohakikishwa kwa mahindi kinaweza kuchanganyikiwa na mafuta ya karanga.

Wako watu wanaotumia taa ya zambarau juu ya mahindi na kutazama madoa yanayong'aa kijani-manjano. Kinachong'aa pale ni alama kwamba kuvu imepita. Haisemi sumu ni kiasi gani, na mahindi yasiyong'aa yanaweza kuwa nayo. Kwa soya na karanga tusiitegemee.

Jibu la hakika hutoka maabara yenye mashine ya kutenganisha kemikali na kuzihesabu moja moja. Pa kuanzia kuuliza ni Office Congolais de Contrôle, OCC, iliyoundwa mwaka 1974 kwa ajili ya kukagua bidhaa. Watu wa kilimo katika vyuo vyetu, kama Université Évangélique en Afrique pale Bukavu, na watafiti wa IITA kule Kalambo wanaweza kuelekeza pia. Kabla ya kutuma, ulizeni kama wanapima B1 katika punje na kwa kiwango gani cha chini, na ni bei gani. Parokia tatu au nne zinaweza kununua soya na karanga kwa pamoja, depo moja, na kulipia kipimo kimoja.

Kama hakuna kipimo kabisa

Vikundi vingi havina. Hata hivyo kazi kubwa hufanyika kwa mikono. Nunueni karanga zikiwa na maganda, mzimenye wenyewe, bila kuzilowesha maji ili zilainike. Ondoeni zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye rangi ya ajabu au chungu mdomoni. Kuchagua peke yake huondoa sehemu kubwa ya sumu, kwa sababu sumu imekaa katika hizo chache. Ikibidi, acheni karanga kabisa katika maziwa ya watoto, mbaki na soya tupu.

Kuhusu ukavu, kuna njia ya chupa. Tieni punje na chumvi kavu katika chupa kavu, fungeni, mtikise, mwache dakika chache. Chumvi ikishikamana na kioo, punje bado zina unyevu, zirudishwe juani juu ya bashi, zisilale chini ya udongo. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Na punje mlizozitupa zisipewe kuku, mbuzi wala ng'ombe, wala zisiingie katika pombe. Ng'ombe akizila leo, M1 itakuwa katika maziwa yake kesho, na hapo ndipo kijiti cha yule mgeni kingekuwa na kazi. Zichomwe au zizikwe shimoni. Katika daftari ya kikundi andikeni tarehe, gunia lilitoka soko gani, na jibu la kipimo, kisha wekeni mfuko mdogo wa unga uleule mahali pakavu hadi chakula hicho kiishe, ili kama mtoto akiugua kuwe na kitu cha kupima tena.